Watoto Waliorudi Nyumbani Wasafi Mno

Tope la Birmingham usilikimbize kwenye maji ya moto. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlijue, nyinyi vijana mnaoingia katika kazi ya kulea watoto wa watu. Liache likauke. Likishakauka, lisugue kwa brashi ngumu, nje, ukiwa umeupa upepo mgongo, maana ukiukabili utalila lote. Kisha maji baridi, kisha sabuni ya kipande, kisha subira. Ukianza na maji ya moto, ule wekundu wake utazama ndani ya uzi na shati litazeeka nao.

Vyeti vyenu havikwambii haya. Nimeviona, vina mihuri mizuri na maneno marefu. Mimi nilifanya kazi miaka ishirini na miwili katika chekechea moja ya mtaa wa Newtown, na cheti changu cha kwanza kilikuwa bisibisi. Nilikwenda kurekebisha mlango wa choo cha watoto uliokuwa ukijifunga wenyewe. Nilipomaliza, msimamizi wa pale, Lorraine, mwanamke wa Kingstanding aliyemwita kila binadamu "bab", yaani kipenzi kwa lugha ya mji huu, awe mtoto wa miaka miwili au mkaguzi mwenye tai, akaniuliza kama naweza kuutazama na uzio. Nikautazama uzio. Kesho yake akaniuliza kama naweza kumsaidia kuwahesabu watoto wakitoka uani, kwa sababu walikuwa kumi na wawili na yeye kila akihesabu anapata kumi na watatu. Nikahesabu. Walikuwa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa ndani ya sanduku langu la vyombo, amekaa juu ya nyundo, anakula tufaha. Siku hiyo hiyo Lorraine akaniletea fomu za kujaza, na polisi, wanaomchunguza kila anayetaka kulea watoto, wakataka kujua kila nyumba niliyopata kulala tangu nizaliwe Zanzibar. Nikawaandikia zote. Ndivyo nilivyoingia kazini.

Watoto waliniita Babu, hata wakati nywele zangu zilikuwa bado nyeusi. Niliudhika wiki mbili, halafu nikazoea, halafu nywele zikalifuata jina.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ua. Lorraine aliniambia niutengeneze ua wa nyuma uwe mahali pa kuchezea, nami nikautengeneza kama ninavyotengeneza kila kitu, kwa ukamilifu wa kuudhi. Nilitoa mawe yote. Nilisawazisha ardhi mpaka ukiweka gololi haijui iende wapi. Nilijenga kijumba cha mbao chenye madirisha mawili, paa na kitasa cha shaba. Siku ya kufungua, watoto walitoka, wakasimama katikati ya ua, wakatazamana. Mmoja akaingia kijumbani, akatoka, akafunga mlango kwa adabu. Halafu wote kumi na wawili wakakimbilia kona ya uzio kulikokuwa na lundo la taka zangu: mawe, mizizi, na turubai bovu lililojaa maji ya mvua. Walikaa pale saa nzima. Walicheka mpaka wakalala chini.

Lorraine alisimama kando yangu na kikombe chake cha chai.

"Kazi nzuri sana, bab," alisema akiutazama ua wangu. "Sasa iharibu."

Kwa hiyo likaja lori la udongo. Tulimwaga katikati ya ua kilima kirefu kunipita, chekundu, chenye mshiko kama unga uliokandwa na mtu mwenye hasira. Kilipoota majani tulikiita Kilima, bila jina jingine, kama vile hakuna kilima kingine duniani. Mvua ikinyesha, na mnajua jinsi mvua ya mji huu isivyohitaji kualikwa, upande mmoja wa Kilima uligeuka utelezi mtupu. Watoto walishuka kwa makalio, kwa tumbo, kwa kinyumenyume, wakipiga kelele ambazo basi la barabarani lilizisikia na kupunguza mwendo.

Nilijifunza mambo mawili chini ya kile Kilima, nayo nakupeni bure. La kwanza: usimpandishe mtoto mahali ambapo hawezi kujipandisha. Atakuomba, atakunyooshea mikono, atakulilia. Usimpandishe. Aliyejipandisha mwenyewe miguu yake inakumbuka njia ya kurudi. Uliyempandisha wewe anakaa kule juu kama kuku juu ya paa, na wewe huwezi kwenda kunywa chai tena maisha yako yote.

La pili: usiseme "angalia utaanguka." Mtoto akisikia hivyo anakuangalia wewe, na hapo ndipo anapoanguka. Muulize: "Mguu wako unakwenda wapi?" Atautazama mguu. Utaona macho yake yanautafuta mzizi, jiwe, shimo dogo la kukanyagia. Nimeuliza swali hilo mara nyingi hata siku moja nilimuuliza mke wangu akiwa juu ya kiti anabadilisha taa, akanijibu kwa kunirushia glopu.

Sasa nikupeni habari za Zaki, na za uongo wangu.

Zaki alikuwa na miaka minne kasoro miezi. Mama yake, Hodan, alikuwa Msomali aliyekulia Nairobi, akapitia Uholanzi, akatua Newtown katika fleti ya gorofa ya nane. Kiswahili chake kilikuwa cha Eastleigh, chepesi, chenye haraka, na kila asubuhi alimleta mtoto amevaa kama anakwenda kufungishwa ndoa: shati jeupe, tai ya kipepeo, viatu vya kung'aa, soksi nyeupe mpaka magotini. Alimleta kambeba. Mtoto wa miaka minne, mzito kama gunia la mchele, kambeba mgongoni, na yeye mwenyewe ana mimba ya miezi mitano.

"Babu, skiza," aliniambia siku ya kwanza. "Huyu asitoke nje. Baridi itamuua, na mimi nguo zake nataka zirudi vile zilikuja. Watu wa nyumbani wakimwona mchafu watasema mama yake amemtupa."

"Hatembei?" nikauliza.

"Anatembea. Lakini kwa ngazi anakataa kabisa. Lift yetu ikiharibika, na inaharibika kila wiki, si ni mimi namweka kwa mgongo mpaka juu? Mkunga ameniambia niache kubeba vitu vizito. Nikamuuliza, huyu ni kitu? Huyu ni mtoto." Alijaribu kucheka, kisha akaacha. "Mwezi wa nane nazaa. Kama hatakuwa amepanda ngazi, sijui. Baba yake yuko kazi Coventry wiki nzima. Itabidi tukae tu ndani, yeye na mimi na mtoto mchanga, mpaka lift ipone."

Nilimtazama Zaki akitembea. Alitembea kama mtu aliyebeba bilauri ya maji kichwani. Zulia lilipokutana na sakafu, palipokuwa na kijiukingo kirefu kama kucha, alisimama, akainua mikono, akasema neno lake kuu la Kiingereza, lenye maana ya nibebe: "Carry."

Hakuwa na ugonjwa wowote. Daktari alikuwa amemtazama. Alikuwa na fleti, lifti, kigari, zulia na kochi. Mtoto huyu hakuwahi kukanyaga kitu kisicho sawasawa. Miguu yake ilikuwa haijaulizwa swali hata moja.

Basi nilifanya nini? Mtu mwenye akili angemkalisha mama chini, angemtilia chai, angemwambia: dada yangu, ngazi za mwanao ziko pale uani, zimefunikwa majani. Lakini niliogopa. Nilijua akisikia neno "tope" atamchukua mwanawe, na mwanawe atakaa kwenye kochi mpaka mwezi wa nane. Kwa hiyo nikamwahidi atarudi safi. Sikumwahidi kwamba hatachafuka. Mnaona jinsi shetani anavyojua sarufi ya ahadi.

Kwa Lorraine nikasema mama amekubali. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulinitoka laini kuliko wa kwanza.

Mshirika wangu alikuwa Mama Furaha, mlezi mwenzangu kutoka Bukavu, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kufungua milango. Yeye alimvua Zaki zile nguo za harusi, akamvisha suruali na fulana kuukuu za akiba, akamtia mabuti ya mpira, tukamtoa nje. Lakini nguo za akiba zilikuwa chache, na mvua ilikuwa nyingi, na baada ya siku tatu ziliisha zote. Siku ya nne Zaki alitoka na shati lake jeupe. Nilisema dakika tano tu. Akajikwaa kwenye mzizi, akakaa kitako ndani ya tope, akashangaa. Akalipiga tope kwa kiganja. Tope likampiga shavuni. Wanangu, sijasikia kicheko kama kile. Kilianza tumboni na kikapotea njia, kikatokea puani.

Na mimi nikatazama saa. Mama anakuja saa tisa na nusu.

Hapo ndipo nilipokuwa dobi. Tulikuwa na mashine ya kufulia stoo, ya kufulia aproni, na pasi iliyoachwa na mtu aliyehama. Nilisugua, nikasuuza, nikafua, nikakausha, nikapiga pasi. Mama Furaha alimpangusa mtoto uso, mikono na miguu, akamchana nywele, akampaka Vaselini mpaka akang'aa kama biringani. Saa tisa na nusu Hodan alifika, akamgeuza mwanawe huku na huku kama anayechagua samaki.

"Mashallah," alisema. "Hapa kuna usafi."

Nililala vizuri siku ile, mimi mwongo.

Tukaendelea hivyo wiki kwa wiki. Asubuhi Zaki alikuja akimeremeta, mchana alikuwa udongo mtupu, alasiri alimeremeta tena. Wiki ya kwanza alipanda Kilima kwa magoti hadi hatua mbili, akainua mikono: "Carry." Nikaweka mikono yangu mfukoni, maana mikono yangu haina msimamo, ikimwona mtoto inanyanyuka yenyewe. "Mguu wako unakwenda wapi?" nikamuuliza. Alinitazama kwa chuki safi. Kisha akautazama mguu.

Wakati huo huo jambo la ajabu likaanza, nami sikuliona, ingawa lilipita mbele ya macho yangu likiwa na mikono na kola.

Asubuhi moja Zaki alikuja amevaa mashati mawili.

"Baridi, Babu," alisema Hodan.

Ilikuwa mwezi wa tano. Lakini nawajua akina mama wa kwetu; hata jua likiwaka huku Ulaya, wao huliona la bandia. Nikafua mashati mawili. Wiki iliyofuata akaja na mashati matatu na suruali mbili, ya juu ikiwa ndefu imekunjwa mara nne. Alisimama mlangoni mikono imetanuka kwa sababu haikuweza kushuka. Tulimmenya kama kitunguu. Baadaye akaja na sweta lililomfika kwenye vifundo vya miguu. "Linampa joto la babake," alisema Hodan, na mimi, mjinga wa Mungu, macho yakanilenga machozi kwa utamu wa maneno hayo.

Kisha ukaja mkoba wa vitu vya kulalia: mto wa mtoto wenye foronya, kwa ajili ya usingizi wa mchana. Foronya zilikuwa nne, moja juu ya nyingine. Na siku moja Zaki aliingia amevaa joho refu la buluu lenye maua ya dhahabu, linaburuza sakafu nzima ya ukumbi.

"Leo ni mfalme," alieleza mama yake, bila kupepesa jicho. "Amekataa kutoka bila joho."

Joho lilikuwa na vishikizo vya kutundikia kwenye fimbo ya dirisha. Niliviona. Nikasema, lo, vishikizo vizuri. Mfalme akateleza Kilimani nalo mara saba. Nililifua lile pazia kwa mikono, kwa sababu halikuenea kwenye mashine.

Mama Furaha alikuja stoo, akanikuta nimezama mpaka viwiko.

"Mzee Shaali," alisema, "hapa ni crèche ya batoto ao ni pressing ya dobi? Minaona weye unafula nguo ya batu bote."

"Mtoto anahisi baridi," nikamjibu.

"Mutoto anahisi baridi na rido?" Rido kwao ni pazia. Alicheka mpaka akalishika beseni. "Weye uko muzee, lakini akili yako iko ingali bébé."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimelewa ufanisi, kwa sababu Zaki alikuwa anapanda. Nisikilizeni hapa, maana hapa sichezi. Wiki ya tatu alifika nusu. Alijua mzizi gani unashika na upi unakuhadaa. Aliporomoka, akalia, akasahau kulia katikati ya kilio kwa sababu alimwona nyungunyungu. Wiki ya tano alikuwa anabishana na wenzake nani atakuwa dereva wa Kilima. Alianza kukimbia kwenye ukumbi bila kusimama penye ule ukingo wa zulia. Alikula chakula chote, akaomba cha mwenzake. Siku za leo mna tableti za kupigia picha za maendeleo ya mtoto, na nasikia mnachagua kutoka kwenye orodha: amefanya hiki, bado kile. Mimi nilikuwa na suruali. Ukitaka kujua mtoto amefika wapi, tazama suruali yake. Tope likiwa kwenye makalio, anateleza. Likiwa kwenye magoti, anajaribu. Likiwa kwenye nyayo tu, basi ameshapanda.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba tope la Zaki lilikuwa kwenye nyayo. Lakini Hodan, na tumbo lake ambalo sasa lilimtangulia mlangoni kwa hatua nzima, hakuniambia kitu. Nami sikuweza kumuuliza kuhusu ngazi bila kuulizwa mtoto alijifunzia wapi kupanda.

Siku moja mashine ya stoo ikafa. Ilitoa sauti ya ng'ombe, ikatapika maji, ikanyamaza. Nikazitia nguo za Zaki kwenye mfuko mkubwa, Mama Furaha akamvisha za kuazima, na mama yake alipokuja nikamwambia amemwagikiwa na juisi. Nikapanda basi na mfuko wangu mpaka Alum Rock, nyumbani kwangu, nikaingia jikoni kwa kunyata.

Mke wangu, Bi Saada, alinikuta nimeinama mbele ya mashine.

Tumeoana tangu tuko vijana, na katika ndoa yetu hiyo hakuwahi kuniona nikiikaribia mashine ile ila kwa kuipita.

"Shaali," alisema kwa sauti ya chini. "Unaumwa?"

Nikamweleza yote, tangu ile tai ya kipepeo. Alisikiliza huku anazitoa nguo mfukoni moja moja na kuziweka mezani. Shati la mtoto. Shati la mtoto. Taulo la kuogea. Kisha jezi ya mpira, nyekundu, kubwa. Akaishika mabegani, akaitanua mbele yangu.

"Mtoto wa miaka mingapi ulisema?"

"Minne."

"Minne." Akaigeuza. "Ana kifua kipana, mtoto huyu. Na jasho la kwapa analo."

Nikaitazama ile jezi. Nikalikumbuka sweta. Nikazikumbuka foronya. Joho la mfalme likanipitia mbele ya macho polepole, na vishikizo vyake vyote.

"Anajua," nikasema.

"Anajua, bwana wee, anajua tangu zamani! Umemfulia ukoo mzima!" Bi Saada alikuwa amekaa chini sasa, kanga imemfunika mdomo, mabega yanamtikisika. Kisha akanyanyuka ghafla, kicheko kimekatika. "Na mimi? Kanga yangu moja, Shaali. Moja tu, tangu tuoane. Umewahi kuisuuza?"

Nilizifua kanga zake zote jioni ile, na mapazia, na kifuniko cha kochi. Alikaa kitini akinielekeza kwa kidole cha mguu.

"Kesho unakwenda kumwambia yule mama ukweli," alisema. "Na usimwambie mlangoni pa skuli, watu wanapita. Mpelekee nguo zake, mwambie uso kwa uso."

Kesho yake ilikuwa siku ambayo Zaki hakuwa na zamu ya kuja. Baada ya kazi nikaenda na mfuko wangu mpaka kwenye jengo lao. Lifti ilikuwa na karatasi imebandikwa mlangoni. Hodan alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kwanza, anapumua, mkono kiunoni, mfuko wa mboga umesimama miguuni, na Zaki pembeni yake anakwangua ukuta kwa kijiti.

"Babu!" alisema. "Umetuletea nguo? Mashine imepona?"

Maneno niliyoyapanga ndani ya basi yakanikimbia yote.

"Mwanangu, nimekukosea. Zaki anatoka nje. Kila siku anayokuja, tangu wiki ya kwanza. Mvua, upepo, vyote. Nilikudanganya na ninakuomba radhi."

Akauweka mkono kifuani pangu, kunizuia nisiseme zaidi, kwa sababu alikuwa ameanza kucheka na kucheka kulimuumiza.

"Babu, aki wewe. Ulipiga pasi soksi."

"Soksi?"

"Hiyo wiki ya kwanza! Soksi za mtoto, zimepigwa pasi, ziko na mstari katikati kama suruali ya askari. Mimi mama yangu ameuza nguo miaka yote. Nikashika hiyo soksi nikasema, hapa kuna mtu ana siri." Alijipangusa macho. "Na halafu, Babu, huyu si ako na mdomo? Kila jioni ananiambia. 'Mummy, mud mountain. Mummy, worm. Mummy, Babu washing.' Mlima wa tope, nyungunyungu, Babu anafua! Ulidhani mtoto ni paka?"

Watu wazima wawili, mimi na Mama Furaha, tulikuwa tumekula njama kwa miezi miwili, na hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto anaongea.

"Mbona basi hukumtoa?"

"Nilikuwa nakuja kumtoa. Nilikuwa nimekasirika, hiyo wiki ya kwanza, nimekasirika sana! Nikamweka chini hapa hapa nitafute funguo. Nikigeuka nakuta amepanda ngazi moja. Moja tu, kwa magoti. Nikanyamaza. Nikasema, wacha nione kesho." Akainua vidole viwili. "Kesho ikawa mbili. Sasa ningekuja kukugombanisha aje? Nikaona tu, kama Babu anapenda kufua, afue. Mimi mgongo unaniuma."

"Pazia, Hodan."

"Pazia nilizidisha," alikiri. "Nilitaka nione kama utauliza."

Zaki akakitupa kijiti. Akanitazama, akautazama mfuko wangu wa nguo, akaushika kamba.

"I carry," alisema. Yaani, nabeba mimi.

Na akaanza kupanda.

Hakushika ukuta. Aliuburuza ule mfuko nyuma yake, unagonga kila ngazi, paa, paa, paa, na kila ngazi aliitazama kwanza halafu akaikanyaga. Nilichukua mboga. Hodan alikuja nyuma taratibu, mikono mitupu, na nadhani ilikuwa safari yake ya kwanza kupanda mle ndani akiwa amejibeba yeye tu. Gorofa ya pili. Ya tatu. Mtoto anahema kama injini ndogo na hasimami. Kwenye gorofa ya tano magoti yangu yakakumbuka umri wao. Kwenye ya sita nikashika chuma cha pembeni, nikasimama, viazi vimenilemea, naona nyota.

Zaki alikuwa ngazi sita juu yangu. Aligeuka. Mtoto huyu alikuwa hajawahi kunijibu kwa Kiswahili. Nilimsemesha, akanielewa, akanijibu kwa Kiingereza cha Newtown. Aliuachia mfuko, akaweka mikono yake mfukoni, mmoja huku, mmoja huku, kama ninavyoweka mimi.

"Babu," alisema kwa upole mkubwa, "mguu wako unakwenda wapi?"

Nikautazama mguu wangu. Nikaupeleka juu.

Kwa Lorraine nilikwenda asubuhi iliyofuata, nikamwambia uongo wangu wote kwa mpangilio. Hakucheka. Alisema mzazi si adui wa kuzungukwa, na kwamba ningeweza kumpoteza mtoto yule kwa woga wangu, na alikuwa na haki. Alinipa usafi wa vyoo kwa mwezi mmoja, kikiwemo kile cha mlango ule ule niliourekebisha. Nanyi msinifuate katika hili. Mwambieni mama ukweli siku ya kwanza, mchukueni mpaka uani, mpeni mabuti. Mkifanya hivyo mtapungukiwa na vichekesho vya kusimulia uzeeni, lakini mtafua kidogo.

Alasiri ile tulimrudisha Zaki kama alivyokuwa. Hatukumpangusa hata pua. Tope kwenye nyusi, tope sikioni, buti moja limejaa maji, na mkononi nyungunyungu ambaye Zaki alitaka kumwonyesha mtoto aliye tumboni. Hodan alisimama mlangoni akamtazama kuanzia juu mpaka chini, kisha kuanzia chini mpaka juu.

"Babu," alisema, "sabuni imeisha?"